Petro Aliutazama Upepo

Saa iliyo ngumu kuliko zote katika nyumba nyingi za Kolwezi si saa ya kazi. Ni ile saa ya usiku, watu wamekwisha kula bukari, watoto wamelala, taa imezimwa. Mwili umetulia kitandani, lakini akili yaanza kazi yake ya pili. Karo ya shule italipwa na nani? Je, wanunuzi watashusha tena bei ya kobalti? Mbona mkubwa wa kazi hakuitikia salamu yangu leo? Mbona kijana wetu aliyekwenda machimboni hajapiga simu? Hakuna hata swali moja linalopata jibu saa ile, na hata hivyo yote hurudi, moja baada ya jingine, mpaka majogoo. Asubuhi mtu huamka amechoka kama aliyebeba magunia usiku kucha, wala hakubeba kitu.

Taabu hii yatoka wapi? Je, yatoka katika mambo yenyewe, au katika namna yetu ya kuyatazama?

Injili ya Mathayo, sura ya 14, yatupa mfano ulio wazi. Petro alishuka chomboni, akatembea juu ya maji kumwendea Bwana. Upepo ulikuwa ukivuma tangu mwanzo wa usiku. Haukuanza wakati ule. Lakini Petro alipouelekeza moyo wake kwenye upepo, hofu ikamshika, akaanza kuzama. Angalieni vema. Upepo haukuwa ndoto. Ulikuwa wa kweli kabla ya hofu yake na wakati wa hofu yake. Kilichobadilika ni mahali alipotazama. Basi neno letu la leo ni hili: hatuwezi kuuamuru upepo, lakini twaweza kujifunza kuyaongoza macho ya moyo.

UPEPO WETU NI WA KWELI

Mtu asije akawaambia watu wa Lualaba kwamba hofu zao ni za bure. Mji wa Kolwezi, ulioanzishwa na kampuni ya Union Minière mwaka 1937, umeona mengi. Mwezi wa Mei 1978 vita viliingia mjini, mamia ya watu wakauawa kwa siku chache. Mwezi wa Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, chini ya ardhi, ilibomoka. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, wakalala katika stesheni wakingoja gari la moshi, na wengi wakafa. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, haikufikisha hata tani 50,000 mwaka 1994. Mwaka 2003 wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango ulioitwa wa hiari, na wengi wao walikuwa wakidai mishahara ya miezi mingi. Kampuni ile watu walikuwa wamezoea kuiita baba na mama. Ndiyo maana Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Lubumbashi, alikipa kitabu chake cha mwaka 2001 jina lenye maana ya watoto wa shaba walioachwa na baba yao.

Na siku hizi je? Tangu mwaka 2014 watu wa Kasulo wamechimba kobalti katika viwanja vyao, wengine hata ndani ya nyumba. Mwezi wa Juni 2019 udongo uliwafukia wachimbaji karibu na mji, na zaidi ya 40 wakafa. Mwezi wa Februari 2025 serikali ilisimamisha kupeleka kobalti nchi za nje, na mpaka Oktoba ya mwaka ule nyumba nyingi zilikaa katika kungoja. Watu waliopita katika hayo hawahitaji kufundishwa kwamba mambo mabaya hutokea. Wanahitaji kujua jinsi ya kuishi siku ambayo baya halijatokea.

HOFU YENYE KAZI NA WASIWASI USIO NA KAZI

Mwenyezi Mungu alitupa hofu iwe mlinzi wetu. Mchimbaji akiona ufa katika ukuta wa shimo, moyo humpiga, miguu hupata nguvu, naye hupanda juu upesi na kuwaita wenzake. Hofu hiyo imefanya kazi yake, na ikiisha kazi hulala.

Wasiwasi ni namna nyingine. Mchimbaji yule yule amekaa nyumbani jioni, hakuna ukuta mbele yake. Lakini akili yamletea sanamu ya ukuta ukianguka, mara kumi, mara ishirini. Mwili hautofautishi vema hatari iliyo mbele ya macho na hatari iliyoletwa na wazo. Kwa hiyo moyo hupiga vilevile, pumzi hufupika, tumbo hukaza, usingizi hukimbia. Nguvu alizopewa mtu za kukimbia hazina mahali pa kukimbilia, basi humgeukia mwenyewe. Mara nyingine huwageukia mke na watoto, kwa maneno makali.

Tena wasiwasi una tabia ya kujitafutia chakula. Anayengoja kudharauliwa huona dharau katika kila uso. Mkubwa wa kazi hakuitikia salamu: labda jino lilimwuma, labda hakusikia kwa kelele za mashine. Lakini akili yenye wasiwasi imekwisha kuandika barua ya kufukuzwa kazi na kuisoma mpaka mwisho. Jambo lilikuwa dogo. Wazo ndilo lililolifanya mlima.

MGONJWA WA LOYOLA

Watakatifu waliyajua haya kabla ya waganga wa siku hizi. Mwaka 1521, huko Hispania, askari aitwaye Inyasi wa Loyola alivunjwa mguu kwa mzinga katika vita vya Pamplona. Akalala kitandani miezi mingi. Aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa. Havikuwamo nyumbani, akapewa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Alipochoka kusoma aliwaza, na katika kuwaza aligundua jambo. Mawazo ya sifa za dunia yalimpendeza yalipokuwapo, lakini yalipopita yalimwacha mkavu na mwenye uchungu. Mawazo ya kuwafuata watakatifu yalimpendeza vilevile, lakini hata yalipokwisha kupita yalimwacha na amani.

Inyasi hakupigana na mawazo yake kwa ngumi. Aliyatazama tu kama mlinzi wa mlango atazamavyo wageni: huyu ametoka wapi, na akiondoka ataiachaje nyumba? Kutoka katika kitanda kile yalianza mafundisho ya kupambanua roho, ambayo Kanisa layatumia mpaka leo.

JAMAA YA MUSONOI

Lakini kwa nini twende mbali hadi Hispania? Hapa hapa Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi ya Musonoi, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alifanya kazi padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, aliyekuwa amejulikana kwa kitabu chake cha mwaka 1945 juu ya falsafa ya Wabantu. Aliacha kuwafundisha watu kama bwana anayejua yote; akakaa nao, akawauliza wanatamani nini kuliko vyote. Kutokana na mazungumzo hayo na watu wa ndoa ilizaliwa Jamaa, ambamo watu waliitana Baba na Mama, naye padre wakamwita Baba Placide. Maneno makubwa ya mafundisho yao yalikuwa uzima, uzazi na mapendo. Na neno lililoyabeba yote hayo lilikuwa mawazo. Walifundisha kwamba watu wasiounganisha mawazo hawajaungana bado, hata wakikaa chini ya paa moja na kula chungu kimoja.

Baadaye vikundi vingine vilipotoka, na maaskofu walilazimika kuvionya na kuweka kanuni. Lakini shina lile la kwanza lina hekima ambayo wazazi wetu waliiona kwa macho. Mume aliyetoka mgodini hakuwa tena sanduku lililofungwa. Mke aliweza kumwuliza, "Baba, mawazo yako leo yako wapi?" Naye aliweza kujibu, "Mama, nimeogopa leo." Wazo likitamkwa hupungua ukubwa, maana sasa lina watu wawili wa kulibeba. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Na Petro naye, alipokuwa akizama, hakunyamaza ili aonekane shujaa. Alipiga kelele, akaomba msaada, na mkono ukanyoshwa.

MAMBO MANNE YA KUFANYA

Kwanza, lipe wazo jina lake. Usiseme, "Mambo yote yameharibika." Sema, "Naogopa kwamba karo ya mwezi huu haitatimia." Hofu yenye jina yaweza kushughulikiwa, hofu isiyo na jina hutawala nyumba nzima.

Pili, uliza: je, liko jambo moja niwezalo kufanya? Likiwapo, lifanye kesho asubuhi: nenda ukaongee na mkuu wa shule, kakague kamba na nguzo za shimo, kaulize habari ya kazi. Lisipokuwapo, basi wazo hilo si kazi, ni upepo.

Tatu, upe wasiwasi saa yake. Mwaka 1983, huko Marekani, mtaalamu Thomas Borkovec na wenzake walieleza njia iliyo rahisi: mtu achague nusu saa ya kila siku, mahali pamoja, ayawaze mashaka yake hapo, yakija saa nyingine, ayaambie yangoje. Saa hiyo isiwe usiku kitandani. Yafaa iwe jioni, kabla ya sala ya nyumbani, mume na mke wakiwa pamoja. Na simu iwekwe mbali, maana uvumi wa bei na wa misiba hauna saa ya kulala.

Nne, mkabidhi Mungu yaliyobaki. Mtume Paulo, katika sura ya 4 ya barua kwa Wafilipi, aagiza haja zetu zijulishwe kwa Mungu pamoja na shukrani. Kisha hapo hapo ataka tuyatafakari yaliyo ya kweli, ya haki na ya kupendeza. Tazameni utaratibu wake: haja yatajwa kwanza, ndipo macho yageuzwa. Rozari isaliwayo polepole hufanya kazi hiyo hiyo. Vidole vyashika punje, pumzi yatulia, na moyo wapata mahali pema pa kutazama.

TUSIKOSEE

Mambo mawili yasisahauliwe. La kwanza, kuyaongoza mawazo si kunyamaza mbele ya dhuluma. Tangu Papa Leo XIII alipoandika Rerum Novarum mwaka 1891, Kanisa limefundisha kwamba mfanyakazi ana haki ya mshahara wa kutosha na ya kulindwa kazini. Shimo lisilo na nguzo halihitaji watu watulivu wa kuingia ndani yake, lahitaji nguzo. Mwenye moyo uliotulia ndiye awezaye kudai haki hiyo kwa maneno yaliyonyooka.

La pili, uko wasiwasi uliovuka mpaka na kuwa ugonjwa. Mtu asiyelala majuma mengi, asiyekula, anayetetemeka bila sababu, au anayetaja kufa, asiambiwe kwamba hasali vya kutosha, wala asipelekwe kwa mpiga ramli kutafuta nani aliyemloga. Apelekwe hospitali. Huko Lubumbashi mabruda wa Shirika la Upendo wanao kituo cha kuuguza magonjwa ya akili, na huko Bukavu vilevile. Kumsindikiza ndugu huko ni tendo la huruma kama kumsindikiza mwenye malaria.

Ninyi wanafunzi, jifunzeni mapema kuyatambua mawazo yenu, kama mjifunzavyo kusoma. Nanyi akina baba na akina mama, msingoje mpaka nyumba ianze kuzama. Usiku wa leo, kabla ya kuzima taa, mmoja amwulize mwenzake mawazo yake yako wapi, naye mwenzake asijibu, "Hakuna kitu." Ajibu kweli. Kisha pigeni ishara ya msalaba, mlale. Kesho ina kazi yake, na Mungu atakuwapo huko pia.