Mkono wa Upande Ule

Kuchuma kahawa kunataka mikono miwili: mmoja ulivute tawi chini, mwingine ukwanyue tunda, na kikapu kining'inie kiunoni. Mchumaji wa Ruiru aliyetolewa titi kwa sababu ya saratani, pamoja na tezi za kwapani, hupona kidonda, nywele zikaota, majirani wakasema amependeza. Mkono wa upande ule una habari zake.

Tezi hizo husaidia kurudisha majimaji ya mwili kutoka mkononi. Zikiondolewa, au zikipigwa mionzi, majimaji huweza kutuama na mkono ukavimba, hata miaka kadhaa baada ya matibabu. Mkwaruzo wa tawi nao si wa kupuuzwa. Vijidudu vikipenya, mkono huwa mwekundu na wa moto upesi, na hapo ni kwenda hospitali, si kupaka mafuta.

Zamani sisi wataalamu tuliwaambia wagonjwa hawa wasinyanyue kitu. Tulizidisha. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 uliwafuata wanawake 141 wenye uvimbe huo. Walioanza na vyuma vyepesi wakaongeza polepole hawakuvimba zaidi kuliko wenzao wasionyanyua. Neno lenye uzito hapo ni polepole. Debe zima siku ya kwanza si polepole, wala kreti la mananasi kule Thika.

Ndiyo maana barua ya daktari inayosema "apewe kazi nyepesi" haisaidii. Kwa nyapara, kupalilia ni kazi nyepesi! Barua itaje kazi yenyewe: achambue kahawa akiwa ameketi, nusu siku kwa wiki mbili, kisha apimwe tena. Kwa fundi wa cherehani itaje vidole, kwani baadhi ya dawa za kemo huviacha na ganzi ya miezi. Jina la ugonjwa si lazima liandikwe.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 humpa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, kila mwaka. Mionzi ya wiki tatu, siku tano kwa wiki, ni siku 15. Piga hesabu mwenyewe, na kemo bado hujaihesabu.

Anayelipwa kwa debe ana shida zaidi: akipunguza mwendo, amejikata mshahara. Kabla hajarudi, yeye na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi waombe wiki hizo za mwanzo alipwe kwa siku, na makubaliano yaandikwe.