Je, Wajua? Yai la Samaki Nalo Hulelewa

Wengi wanaonunua samaki katika soko la Feri, Magogoni, Dar es Salaam, wamezoea samaki aliyezaliwa na kukulia baharini. Lakini takwimu za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) zinaonyesha kuwa mwaka 2022, kwa mara ya kwanza, ufugaji duniani ulizalisha samaki, kamba na jamii zao wengi kuliko uvuvi. Ufugaji huo huanzia kwenye yai.

Je, wajua kwamba yai la samoni huhesabiwa joto, si siku tu? Watotoleshaji huzidisha nyuzi za joto la maji kwa idadi ya siku. Yai la samoni huhitaji jumla ya nyuzi 500 hivi: maji yakiwa nyuzi 10, litaanguliwa baada ya siku 50. Maji yakiwa baridi zaidi, siku huongezeka.

Je, wajua kwamba jamaa wa samoni yuko Kenya? Ni trauti, aliyeletwa mwaka 1905 na kupandikizwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Kituo cha Kiganjo, karibu na Nyeri, kilianzishwa mwaka 1948 kutotolesha vifaranga vyake katika maji baridi yatokayo mlimani.

Je, wajua kwamba yai bichi la trauti halitaki kuguswa? Mtikisiko huliua mpaka pale macho ya kiumbe kilicho ndani yanapoonekana kama vitone viwili vyeusi. Mwanga mkali nao hudhuru, hivyo trei hufunikwa. Yai lililokufa hugeuka jeupe na kuota ukungu unaoenea kwa majirani zake. Lazima liondolewe mapema.

Je, wajua kwamba sato jike hulea mayai mdomoni? Kwenye kituo cha kutotolesha, mhudumu humshika kwa upole, humfungua mdomo juu ya beseni la maji, na mayai ya manjano humwagika. Kisha huwekwa kwenye chupa yenye kitako cha mviringo. Maji huingia kwa bomba hadi chini na kuyapindua mayai polepole, kama afanyavyo mama. Maji yakiwa na nyuzi 28, huanguliwa ndani ya siku chache.

Je, wajua kwamba yai la kambare halikawii? Katika maji ya vuguvugu huanguliwa ndani ya siku moja hadi moja na nusu. Lakini dume hakamuliki kirahisi. Kwa kawaida hupasuliwa ili kupata mbegu zake.

Basi wewe unayefikiria kuchimba bwawa, usikimbilie vifaranga vya bei poa visivyojulikana vilikotoka. Nenda kwenye kituo kinachotambulika, kama kile cha serikali cha Kingolwira, Morogoro. Uliza wazazi ni samaki gani, na uone mwenyewe maji yanayotiririka juu ya mayai. Maji yakiwa machafu au yametuama, usinunue.