Jarida la Shirika: Jinsi Vyama vya Kemia vya Ulaya Vilivyounganisha Mikono

Kila mwanafunzi wa kemia hujua kuchora pete ya benzeni: atomi sita za kaboni zimeshikana kama watoto wachezao duara, na kila moja ina hidrojeni yake. Kitabuni pete hiyo huonekana kana kwamba ilikuwapo siku zote. Lakini karibu kila jambo tulisomalo vitabuni lilikuwa kwanza habari mpya. Mtu aliliandika, akalipeleka kwa mhariri, nalo likapigwa chapa katika jarida. Wanafunzi wenzangu, nanyi ndugu zetu mliotutangulia katika shule hii, napenda kueleza habari za majarida hayo, na hasa jinsi vyama vya kemia vya mataifa kadhaa vilivyokubali kuacha kila kimoja jarida lake ili vimiliki majarida kwa shirika.

Kwanza yafaa tujue kazi ya jarida la sayansi. Mtaalamu akivumbua jambo, huandika alichokifanya, vipimo alivyopata, na maana yake. Mhariri huwapelekea wataalamu wengine wa elimu ile ile waichunguze makala. Hao huuliza: Je, kazi hii ni mpya? Je, vipimo vinathibitisha asemayo mwandishi? Je, mtu mwingine aweza kuirudia kazi hii akapata matokeo yale yale? Mara nyingi mwandishi hurudishiwa makala aitengeneze, na pengine hukataliwa kabisa. Ikikubaliwa huchapishwa pamoja na tarehe yake, na tarehe hiyo ni ushahidi mkubwa wa nani aliyetangulia. Basi jarida ni baraza la hukumu, tena ni ghala la kumbukumbu.

Zamani kila taifa la Ulaya lilitaka kuwa na baraza lake. Huko Ujerumani, Justus Liebig alianzisha mwaka 1832 jarida lililokuja kujulikana kwa jina lake, Liebigs Annalen. Wafaransa waliunda chama chao cha kemia mjini Paris mwaka 1857, kikawa na Bulletin yake. Wajerumani waliunda chama chao mjini Berlin mwaka 1867, na mwaka uliofuata wakatoa jarida la Berichte. Waitalia walianza Gazzetta Chimica Italiana mwaka 1871, na Waholanzi wakaanza Recueil mwaka 1882. Wabelgiji na Wahispania nao hawakubaki nyuma. Kuwa na jarida ilikuwa fahari ya taifa, kama kuwa na bendera.

Lakini elimu haijui mipaka. Tumtazame August Kekulé, aliyewaza kwamba kaboni sita za benzeni hufunga mnyororo. Yeye alikuwa Mjerumani, akifundisha Ghent katika nchi ya Ubelgiji. Mwaka 1865 alitangaza wazo lake kwa Kifaransa katika Bulletin ya Paris, na mwaka 1866 akaliandika kwa Kijerumani katika Annalen. Wazo moja lilipita katika nchi tatu na lugha mbili ili liwafikie wote waliopaswa kulisikia.

Mwenye lugha ndogo alikuwa na kazi kubwa zaidi. Mwaka 1874 kijana Mholanzi, J. H. van 't Hoff, mwenye umri wa miaka 22, aliandika kijitabu kwa Kiholanzi akieleza jinsi atomi zinavyokaa katika nafasi zikielekea pande zote, wala si kama zilivyolazwa juu ya karatasi. Wazo lake lilianza kuenea lilipotolewa kwa Kifaransa mwaka 1875, kisha kwa Kijerumani mwaka 1877. Kijana huyo ndiye aliyepewa tuzo ya kwanza ya Nobel ya kemia mwaka 1901, ingawa alipewa kwa kazi nyingine. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini chema kilichofungiwa ndani ya lugha isiyosomwa na majirani hakijiuzi upesi.

Katika karne ya 20 mambo yaligeuka. Baada ya vita kuu ya pili Kiingereza kilizidi kuwa lugha ya sayansi. Majarida ya Marekani, kama lile la chama cha kemia cha huko lililoanza mwaka 1879, yalisomwa duniani kote. Mfaransa au Mwitalia aliyepata matokeo mazuri alishawishika kuyapeleka ng'ambo, ambako wasomaji ni wengi. Jarida la nyumbani likipungukiwa makala nzuri, wasomaji hupungua. Wasomaji wakipungua, waandishi nao huzidi kulikimbia. Tena maktaba hazina fedha za kununua kila jarida la kila nchi. Hivyo majarida yenye sifa ya miaka mia na zaidi yalikuwa hatarini kunyauka, kila moja peke yake.

Vyama vikaona kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 1995 lilitokea jarida jipya, Chemistry – A European Journal. Mwaka 1997 Recueil ya Waholanzi iliunganishwa na majarida mawili ya Wajerumani. Kisha mwaka 1998 likafanyika jambo kubwa zaidi: majarida ya Wajerumani, Waholanzi, Wafaransa, Wabelgiji na Waitalia yakatiwa katika chungu kimoja, yakatoka majarida mawili tu. Moja ni European Journal of Organic Chemistry, la kemia ya kaboni. La pili ni European Journal of Inorganic Chemistry, la kemia isiyo ya kaboni. Baadaye Wahispania, Wareno, Wagiriki na Wahungari nao wakaingiza majarida yao. Shirika hilo leo huitwa Chemistry Europe, lina vyama 16 kutoka nchi 15, na limezaa majarida mengine mengi.

Shirika hili hufanyaje kazi? Vyama ndivyo wenye mali. Kampuni ya Wiley-VCH, yenye makao Weinheim katika Ujerumani, ndiyo ichapishayo na kuuza. Wahariri hupokea makala kutoka nchi yoyote, hata zisizo za shirika, na wachunguzi hutafutwa kwa ujuzi wao. Makala haipati nafasi kwa sababu mwandishi ni wa taifa fulani. Asiyethibitisha neno lake hukataliwa, hata akiwa ametoka katika nchi ya mwenye mali.

Je, hakukuwa na hasara? Ilikuwapo, tena si ndogo. Jina la Liebigs Annalen, lililodumu miaka 165, liliondoka. Ukurasa wa kemia uliokuwa ukiandikwa kwa Kifaransa au Kiitalia sasa huandikwa kwa Kiingereza. Lugha isipotumika kueleza mambo mapya husahau njia ya kuyaeleza, nasi tusomao sayansi kwa lugha moja na kuzungumza nyumbani kwa lugha nyingine twaelewa uzito wa neno hilo. Hata hivyo naona vyama vile vilichagua vema. Jina lilikuwa chombo tu. Kilichotunzwa ni ile kazi ya kupima ukweli mbele ya wajuzi, na haki ya wanakemia wenyewe kuwa na sauti katika jarida lao.

Mfano huo uliendelea. Mwaka 1999 Waingereza waliacha Faraday Transactions, na Wajerumani wakaacha jarida la chama cha Bunsen, wakaanzisha pamoja Physical Chemistry Chemical Physics. Mataifa hayo yalipigana mara mbili katika karne ile ile, nayo yakaweza kukaa meza moja. Mwaka 2006 vyama vya Asia vikatoa Chemistry – An Asian Journal. Huku kwetu Afrika, chama cha kemia cha Ethiopia kimekuwa na jarida lake tangu mwaka 1987.

Miongoni mwetu wako watakaokuwa wanakemia. Siku moja watakaa katika mkutano wa chama chao na kuulizwa kama inafaa kila nchi kuwa na jarida lake dogo, au majirani wawe na moja lenye nguvu. Watakapojibu, wafikiri kwanza habari za yule kijana wa miaka 22 mwenye wazo kubwa katika lugha ndogo, wajiulize ni njia ipi itakayomfikisha upesi kwa wasomaji wake.