Spoila Kwanza, Geji Baadaye

Ubavuni tairi lilikuwa limeandikwa STUDLESS kwa herufi kubwa. Gari lenyewe ni Altezza ya rangi ya fedha, imeteremshwa bandarini Dar es Salaam wiki mbili tu nyuma, na mwenyewe, kijana wa Tabata, alikuwa ameshainunulia spoila, kava la usukani la uzi mwekundu na taa za buluu za miguuni. Tairi hakuzijali kwa kuwa hazijawa kipara. Kumbe ni tairi za msimu wa theluji wa Japani. Mpira wake ni laini ili ung'ang'anie barafu, na kwenye lami yetu ya saa nane mchana unalika kama kifutio cha penseli. Vipimo vyake viliishia na herufi Q, yaani mwisho wake ni kilomita 160 kwa saa. Namba za tarehe zilisomeka 3814: wiki ya 38 ya mwaka 2014.

Hapo kuna picha ya biashara nzima ya vifaa vya magari ya spoti. Pesa ya kwanza ya mwenye gari jipya huenda kwenye kinachoonekana, na wauzaji wamejipanga kuifuata.

Pita Gerezani, Kariakoo, utaona. Mbele ya maduka zinaning'inia spoila, stika, nati za rangi rangi na ekzosi zenye mdomo mpana kama chungu. Mzigo mwingi wa aina hii unatoka China, na Guangzhou ni mji ambao wafanyabiashara wa Kariakoo wanaufahamu kama kwao. Nilipoulizia spana ya toki, ile inayopima nguvu unayokazia nati, muuzaji alipanda ngazi akaishusha kutoka rafu ya juu kabisa, boksi limejaa vumbi la kuandikia jina. "Hii haitoki, kaka," akasema huku akilifuta kwa kiganja. Simlaumu. Spoila ikishafungwa, mteja harudi. Kifaa cha kupimia kinataka muuzaji wa kueleza na mnunuzi wa kusikiliza, na muda wote huo mtaji umelala.

Tuelewane kwanza kuhusu magari yenyewe. Huku kwetu gari la spoti ni nadra kuwa Ferrari. Ni Altezza, ambayo Toyota iliitengeneza kuanzia 1998 hadi 2005 na kuiuza ng'ambo kwa jina la Lexus IS. Ni Subaru Impreza, iliyopata jina kwenye rali, hasa Colin McRae alipotwaa nayo ubingwa wa dunia mwaka 1995. Kodi nayo ina mkono wake. Tanzania, ushuru wa bidhaa kwa magari ya kawaida unaruka kutoka asilimia 5 hadi 10 injini ikizidi cc 2000. Injini ya Altezza ya silinda nne ina cc 1998, ile ya Impreza ya lita mbili ina cc 1994. Gari likizidi miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu, lakini linaingia. Kenya halipokelewi kabisa, kwa hiyo Altezza zilizobaki Nairobi zinazeeka pamoja na wenyewe, zikilishwa spea za Barabara ya Kirinyaga.

Ndiyo maana spea za magari haya zina njia yake. Kiwanda kimeshaacha kuunda gari, basi injini, giaboksi na milango hufika kama nusu gari lililokatwa Japani, au kwa kupitia Sharjah kwenye maduka makubwa ya vipuri vilivyotumika. Plagi na oili ndizo zenye mtego zaidi, kwa kuwa kopo na boksi ni rahisi kuigwa. Tume ya Ushindani ina kazi ya kusaka bidhaa bandia, ila haiwezi kusimama kila kaunta. Mimi kanuni yangu ni ya kizamani: nanunua duka lenye risiti, na nikishamwaga oili kopo nalitoboa.

Rudi kwenye nati, maana zimenitoa jasho. Za Toyota na za Subaru zote huingia kwenye stadi, yaani skrubu ya gurudumu, ya unene wa milimita 12, na kwa macho ni ndugu wa tumbo moja. Meno yake ndiyo tofauti: Toyota yameachana milimita 1.5, Subaru 1.25. Ya Toyota ukiilazimisha kwenye Subaru itaingia mizunguko miwili kisha igome, na fundi akiongeza bomba kwenye spana, stadi imekwisha. Hata spana zenyewe ni mbili, kwa kawaida namba 21 kwa Toyota na 19 kwa Subaru. Halafu kuna kukaza. Altezza inataka niutoni mita 103 tu. Gereji moja ilinifungia kwa mashine ya upepo bila kupima, nikapata pancha karibu na Chalinze usiku. Spana ya garini ikapinda. Nikaipanda kwa miguu yote miwili, nati ikatoka pamoja na stadi yake. Asubuhi yake nilirudi Gerezani kuichukua ile spana ya vumbi.

Gari lililoshushwa lina shida nyingine: jeki ya kawaida haipiti chini ya bampa. Tafuta jeki fupi ya magurudumu, na pamoja nayo stendi mbili za chuma. Nimeona vijana wakiingia uvunguni gari likiwa juu ya jeki peke yake, au juu ya rimu kuukuu, na sitaki kuona tena.

Mafuta ya breki hayauziki kwa sababu hakuna anayeyaona. Hunyonya unyevu wa hewa, na mji wa pwani kama Dar unao wa kutosha. Daraja la DOT 4 likiwa jipya linapaswa kustahimili nyuzi joto 230 kabla ya kuchemka. Likishanyonya maji kipimo cha chini kinashuka hadi 155. Tofauti hiyo utaijua ukiteremka mlima Kitonga nyuma ya lori huku umekanyaga breki, pedali ikaanza kulainika mguuni. Gari limetoka mnadani Japani, hujui mafuta yake yaliwekwa lini: badilisha wiki ya kwanza. Rejeta nayo usiijaze maji ya bomba. Kulanti ni ghali kidogo, kutu ni ghali zaidi. Subaru ya tabo kijiti cha oili kichomolewe kila unapojaza petroli, maana injini hizo hunywa.

Kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, kile kidogo cha kuunganisha na simu, kinavuma sana sasa. Kabla hujalipa, kijaribu kwenye gari lako. Magari mengi ya Japani ya miaka ya 1990 yana soketi ya pini 16 inayofanana na ya kisasa, lakini hayasemi lugha ambayo kifaa hicho kinaijua. Viakisi vya pembetatu na mtungi wa kuzimia moto nunua tu, trafiki atakuuliza.

Kilichobaki ni geji ya upepo, ambayo bei yake ni kama sahani mbili za chipsi kuku. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko cha Kijapani, na humo kipimo kimeandikwa kwa kilopaskali: 230, kwa mfano, ni kama 33 kwa namba za wajaza upepo wetu. Yule kijana wa Tabata nilimpeleka kwa mjaza upepo wa karibu na kwake. Kompresa yake ikasema 33, geji yangu ikasema 27. Mjaza upepo akaichukua, akaijaribu kwenye bajaji iliyokuwa pembeni, kisha kwenye Noah ya mteja mwingine, akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza nimeinunua wapi, na kama naweza kumwachia kwa bei ileile.