Tukitaka Kupanda Oldoinyo Lengai

Chama chetu cha Jiografia kimeomba ruhusa ya kupanda Oldoinyo Lengai wakati wa likizo. Wazazi wengine wameuliza: Je, mlima utoao moto wapandwaje? Swali hilo ni la haki, nami nimepewa kazi ya kulijibu.

Mimi ni mtoto wa Mnazi. Sisi twakaa chini kwenye joto, na Usambara imesimama nyuma yetu kama ukuta. Lakini Usambara ni miamba mikongwe iliyoinuliwa, wala si milima ya moto. Aliyezoea njia zake asidhani amekwisha kuijua Lengai.

Mlima huo u kusini ya Ziwa Natron, nao Wamasai wauita Mlima wa Mungu. Lava yake ni ya ajabu. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 hivi, hali ya milima mingine mingi hupita 1,000. Mchana haing'ai, huonekana nyeusi kama tope, kisha ikipata unyevu hugeuka nyeupe. Basi mgeni aweza kuikanyaga akidhani ni udongo!

Kwanza yafaa kuuliza habari kwa wenyeji. Mwaka 2007 matetemeko yalianza Julai, na Septemba mlima ukalipuka. Ardhi ikitetemeka safari ivunjwe, hata kama nauli imekwisha kulipwa. Lakini mlima kunyamaza si ahadi. Ontake, huko Japani, ulilipuka ghafula tarehe 27 Septemba 2014, na watu 63 wakafa au wakapotea. Kwa hiyo kukaa kileleni kuwe kwa muda mfupi. Kwa maoni yangu nusu saa yatosha.

Watu huanza kupanda karibu na saa sita ya usiku, wapate kufika alfajiri na kushuka kabla jua halijawa kali, kwani mtelemko hauna kivuli wala maji. Kila mmoja achukue lita tatu au zaidi, na tochi ya kufunga kichwani ili mikono yote iwe huru. Majivu juu ya mwamba huteleza sana, hasa wakati wa kushuka. Kiongozi mwenyeji wa Engare Sero atangulie, na mtu asipande chini kabisa ya mwenzake, mawe yasimwangukie.

Tangu milipuko ya 2007 na 2008, kileleni pana shimo refu ambalo ukingo wake humeguka. Apendaye picha asimame mbali nao. Wala tusipumzike mabondeni: watu wa Goma, Kongo, huita mazuku ile hewa nzito ikaayo kwenye vibonde karibu na milima ya moto, nayo huua bila kuonekana.

Saa ya kurudi iamuliwe chini, mbele ya mwalimu. Mimi nasema saa moja asubuhi, tufike tusifike. Aliyechoka gizani huona kilele ki karibu kila mara, na hapo si pahali pa kubishana.

Karatasi ya ruhusa itakayoletwa nyumbani ina nafasi ya kuandika ugonjwa wa kifua. Najua wenzangu wengine wataka kuiacha wazi wasije wakazuiwa. Wazazi, tafadhali ijazeni ninyi wenyewe.