Mstaafu mwenye baiskeli atafute nini Mtwara?

MWAKA 1967 Mwingereza Latham Leslie-Moore aliondolewa nchini baada ya kuishi kwa miaka mingi Ruvula, katika rasi ya Msimbati, kusini mwa mji wa Mtwara. Alikuwa amejijengea nyumba mbele ya bahari, akapapenda mahali pale kupita kiasi hadi akaanza kudai rasi hiyo iwe nchi huru. Serikali haikucheka. Nyumba yake ikabaki gofu.

Mgeni anayefika Ruvula leo huona upesi kilichomvuta mzee yule. Mchanga ni mweupe, maji ni safi, na watu ni wachache. Eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650 hivi, theluthi moja yake ikiwa nchi kavu na mikoko.

Hata hivyo, wastaafu wa Ulaya wa siku hizi si wote wanaotafuta kiti cha kulalia ufukweni. Wapo wanaoendesha baiskeli za milimani wakiwa na miaka 60 na zaidi, na baiskeli zenye mota ya umeme zimewaongezea umri wa kupanda vilima. Mtu wa aina hii anapochagua nchi ya kumalizia uzee, swali lake la kwanza huwa ni njia. Kwa Mtwara, jibu la swali hilo ni zuri. Ugumu upo katika maswali yanayofuata.

Kutoka mjini hadi Mikindani ni kilomita 10 hivi za lami, na nyuma ya mji huo mkongwe kuna vilima na njia za miguu zinazoteremka kuelekea ghuba. Boma la Wajerumani la mwaka 1895, lililokarabatiwa na shirika la Trade Aid la Uingereza na kugeuzwa hoteli, liko papo hapo. Kwenda Msimbati ni kilomita 45 hivi, na sehemu za mwisho ni mchanga unaomeza tairi nyembamba. Wenyeji wanajua dawa yake: subiri maji yakipwa, upite ufukweni kwenye mchanga mgumu, na urudi kabla hayajajaa. Siku za bamvua usicheze na saa.

Kwa mwenye miguu ya kweli kuna Newala, kilomita 140 hivi kutoka Mtwara, juu ya uwanda wa Makonde. Ukifika pale unatazama bonde la Ruvuma likiwa chini yako, na upande wa pili ni Msumbiji. Mpanda baiskeli anaweza kuzunguka wiki nzima huko akipita mashamba ya korosho bila kurudia njia.

Mashamba hayo yanataka maelezo kidogo, kwa kuwa vitabu vya watalii huyasahau. Kuanzia Juni hivi wakulima hupuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga. Kazi hiyo hufanywa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, na ndiyo saa ileile mpanda baiskeli anayokimbia jua. Unga ule huwasha macho na kubana kifua, na mzee mwenye pumu hana haja ya kuufuata. Ikifika Oktoba, chini ya mikorosho kumepaliliwa na kufagiliwa kwa ajili ya kuokota korosho, njia zinaonekana vizuri, lakini hapo kila mtu yuko kazini na mgeni anayekatiza shambani bila hodi anaweza kuulizwa anatafuta nini.

Baada ya njia huja baiskeli yenyewe. Mafundi Mtwara wapo wengi, chini ya miembe na pembeni mwa masoko, na kwa kuziba pancha, kunyoosha rimu au kubadilisha spoku hawana mpinzani. Lakini wamezoea Phoenix na ndugu zake. Baiskeli ya kisasa yenye breki za mafuta na giya 12 ikiharibika, kipuri chake kitaagizwa Dar es Salaam, kilomita 560 hivi, au nje kabisa. Mstaafu mwenye akili huja na baiskeli rahisi: magurudumu ya inchi 26, breki za waya, tairi pana. Halafu huiosha kwa maji baridi kila inapotoka ufukweni, maana chumvi ya Msimbati hula cheni kwa wiki chache.

Hapo kuna biashara inayomsubiri mtu. Duka dogo Mikindani lenye tairi pana, cheni, tyubu na gundi ya kuzuia pancha za mbigili, pamoja na baiskeli sita za kukodisha, halihitaji mtaji wa kutisha. Fundi akifunzwa breki za mafuta atakuwa na kazi ambayo mwenzake hana.

Sasa ardhi, ambako ndiko wengi huumia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Uzee wa raha si uwekezaji. Mgeni anayelipa fedha kwa mwenye shamba kijijini na kupewa karatasi yenye mhuri hajanunua kitu, na mwanakijiji aliyepokea fedha hizo amejitafutia kesi ya miaka. Njia salama kwa pande zote mbili ni kupanga nyumba kwa mkataba wa maandishi. Mwenye nyumba hupata kodi kila mwezi, na shamba lake linabaki kwa wanawe.

Kibali cha ukaazi cha mstaafu wa kigeni kipo Tanzania, chini ya daraja C. Zanzibar imekwenda mbali zaidi kwa kuwapa ukaazi wageni wanaonunua nyumba katika miradi iliyoidhinishwa. Kenya nayo ina kibali cha daraja K kwa mwenye umri wa miaka 35 na kuendelea, lakini hudai kipato cha uhakika cha dola 24,000 kwa mwaka. Pensheni kamili ya serikali ya Uingereza ilikuwa kama pauni 11,500 kwa mwaka wa 2024/25, kwa hiyo peke yake haifiki huko. Isitoshe, pensheni hiyo haipandishwi kila mwaka kwa anayehamia Tanzania au Kenya. Hubaki palepale ilipokuwa alipohama. Mauritius, yenye makubaliano na Uingereza, hupandishwa. Mzee wa miaka 66 anayetarajia kufika 90 afanye hesabu hiyo kabla ya kutazama picha za ufukwe.

Kuhusu tiba, hali imebadilika. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mitengo, ilizinduliwa rasmi mwaka 2023, na mfupa uliovunjika njiani si tena safari ya lazima ya Dar es Salaam. Kwa matatizo makubwa ndege ni bora kuliko barabara, ambayo Mei 2024 ilikatwa na mafuriko eneo la Somanga.

Limebaki la mpaka. Oktoba 2020 watu wenye silaha kutoka upande wa Msumbiji walishambulia kijiji cha Kitaya, kando ya Ruvuma, na Machi 2021 mji wa Palma ulivamiwa. Serikali ya Uingereza iliwashauri raia wake wasikaribie mpaka huo bila sababu ya lazima. Bima nyingi za safari hufuata ushauri wa namna hiyo, na ukanda unaotajwa huigusa Msimbati yenyewe. Anayetaka Ruvula aisome bima yake mstari kwa mstari. Mikindani iko mbali zaidi na mto, na ndiyo mahali pa busara pa kuanzia.

Wapinzani wa Mtwara si wanyonge. Lushoto ina baridi na miteremko ya Usambara, Moshi ina Kilimanjaro na mafundi waliozoea watalii. Mtwara ina bahari, utulivu na joto la Januari ambalo wengi hawalitaji. Viza ya matembezi haizidi miezi mitatu, hivyo mstaafu aje mara mbili kabla ya kuuza nyumba yake Ulaya: mara ya kwanza Juni, njia zikiwa kavu, na mara ya pili Januari, mvua zikinyesha na matope ya Newala yakishika tairi.