Mnande Mjini Yiwu

Wafanyabiashara wa Butembo, mashariki mwa Kongo, wamezoea kutaja Guangzhou, lakini wengi wanaotafuta sahani, mikoba, nywele za bandia na madaftari huishia Yiwu, katika jimbo la Zhejiang. Mji huo una wakazi karibu milioni mbili, na kwa hesabu za China ni wa kadiri tu. Soko lake lilianza mwaka 1982 kwa meza za barabarani. Leo lina vibanda zaidi ya 70,000.

Nathubutu kusema kwamba Mnande wa Kirumba, kule Lubero, atauzoea Yiwu upesi kuliko Kinshasa. Mume na mke hushinda dukani pamoja, mtoto anaandika kazi ya shule juu ya katoni, na hakuna anayeona haya kuzungumzia faida. Kitakachomsumbua ni salamu. Kwetu huulizi bei ya sufuria kabla hujajua nyumbani wameamkaje. Pale mwenye duka anakusogezea kikokotoo chenye bei tayari. Usidhani amekudharau. Heshima yake iko mikononi: kadi ya biashara hutolewa na kupokewa kwa mikono miwili, jambo ambalo bibi yeyote wa Lubero angelikubali, na mezani kijana hugonganisha glasi akiishusha chini ya ile ya mzee.

Kibanda chenyewe ni cha sampuli. Unaagiza kwa makatoni, unatoa arbuni, mzigo unapelekwa kwenye bohari ya wakala, na huko ndiko unaukagua kabla haujapakiwa kwenye kontena kuelekea bandari ya Ningbo, kisha Mombasa, Kampala na mpaka wa Kasindi. Usiukwepe ukaguzi huo hata ukiwa umechoka. Mkalimani wako mara nyingi ni kijana Mkongomani aliyesomea China. Mlipe vizuri, maana ndiye anayesikia wanachonong'onezana wauzaji.

Dola ulizofunga kiunoni hazitakununulia hata maji. Kila mtu, mpaka mama anayeuza viazi vitamu vya kuchoma, analipwa kwa simu, kupitia WeChat au Alipay. WhatsApp imefungwa, kwa hiyo panga kabla ya safari jinsi utakavyowasiliana na nyumbani. Saa nazo zinapishana kwa sita: soko likifungwa saa kumi na moja jioni, Butembo ni saa tano asubuhi. Na ukipanga nyumba, au ukilala kwa rafiki, jiandikishe polisi ndani ya saa 24. Hotelini wanakufanyia wenyewe.

Chakula? Bugali hakuna, beba unga wako wa muhogo. Lakini sokoni kuna lengalenga, ile nyekundu, wanaikaanga na vitunguu saumu mpaka wali unageuka waridi. Maji ya kunywa yatakuja ya moto hata wakati wa joto kali. Chakula cha jioni huliwa mapema, kisha wanawake wa makamo hujaa viwanjani wakicheza kwa safu, muziki ukivuma, na hakuna anayewashangaa isipokuwa mgeni.

Jihadhari zaidi na mwaka mpya wao, unaoangukia Januari au Februari. Wafanyakazi wa viwandani hurudi vijijini kwa wiki kadhaa, na oda ya Januari yaweza kungoja hadi Machi. Anayetaka madaftari yawe Kirumba shule zinapofunguliwa Septemba asikawie kuagiza kupita Mei, kwa sababu baada ya meli kuna malori, na baada ya malori kuna forodha ya Kasindi.